Miche Isiyo na Kovu

Kumdanganya mtu kwa mche wa mwembe hakuhitaji akili nyingi. Unaotesha kokwa la embe lolote, hata lile la nyuzi ambalo watoto hulifyonza na kulitupa. Mche ukifikia unene wa penseli unauchanja kwa wembe, shubiri moja juu ya udongo, kisha unafunga ukanda wa nailoni juu ya kidonda. Baada ya wiki kadhaa unafungua. Kovu limekaa palepale ambapo kovu halali hukaa, na sasa una mche wa dodo, au wa bolibo, au wa embe lolote ambalo mnunuzi amelitaja kwanza. Ataujua ukweli mti utakapozaa, baada ya miaka mitano au sita. Kufikia hapo wewe umeshahamia mji mwingine, au umeshakuwa diwani.

Njia ya halali ni kubebesha. Unakata kikonyo kutoka kwenye mti unaoujua, unakiunganisha na mche uliooteshwa kwa kokwa, vinashikana, na kinachokua juu ya kovu huzaa embe lilelile la mti wa kwanza. Mche wa kokwa tupu ni bahati nasibu. Hivyo ndivyo nilivyofundishwa chuo kikuu, na hivyo ndivyo nilivyokwenda kuwafundisha watu wa Kigoma, nikiwa na shahada, pikipiki ya ofisi na miaka ishirini na minane. Sijui ni kipi kati ya hivyo vitatu kilichonivimbisha kichwa zaidi.

Ilikuwa miaka ile ya wakimbizi. Boti zilishusha watu Kagunga, malori yakawachukua kwenda kambini, na katikati ya hayo yote ofisi yetu ilikuwa ikigawa miembe. Msinicheke. Mradi ulikuwa umepangiwa bajeti kabla ya vita, na bajeti haisikilizi redio. Tulitakiwa kununua kwa wauzaji miche ya maembe ya zamani yaliyokuwa yakipotea, kuihakiki, na kuigawa kwa kaya kuanzia Ujiji hadi Mwamgongo. Mhakiki nilikuwa mimi.

Nilikuwa hodari, lazima niseme, maana bila kusema hivyo sehemu iliyobaki haitaeleweka. Nilichukua mche mmoja kati ya kila kumi, nikapasua kovu kwa wembe. Kovu la kweli lina miti miwili ndani yake: utaona mstari wa mshazari, na rangi ya ganda juu yake si ile ya chini. Kovu la uongo ni mti mmoja uliojeruhiwa. Baada ya hapo nilifikicha jani changa na kulinusa. Kila aina ya mwembe ina harufu yake. Dodo silo bolibo hata ukifumba macho. Wauzaji walianza kuniita Daktari. Mwingine alinililia siku moja:

"Bwana Shamba, huyo mche ukimpasua atakufa."

"Akifa nitamzika."

"Na mfiwa atakuwa nani?"

Watu kwenye benchi walicheka, na mimi nikacheka kuliko wote. Nilikipenda kile kicheko. Nilikuwa nafika ofisini mapema ili nisikikose.

Aliyekuwa akiandika daftari la miche alikuwa karani wetu, mama mmoja wa Kiha mwenye nyumba yake Buzebazeba, mtaa wa Ujiji, mkubwa kwangu kwa miaka kama kumi na mitano. Yeye ndiye aliyemwelekeza kwetu yule mwanamke wa Kirundi.

Alikuja asubuhi moja kwa miguu kutoka Ujiji, karai kichwani, na ndani ya karai viriba ishirini vya plastiki vyeusi, kila kimoja na mche wake. Alilishusha lile karai peke yake, akakataa kusaidiwa. Umri wake haukupishana sana na wangu. Kabla sijainama kutazama, karani alinivuta pembeni kunieleza.

Serikali ilikuwa imeamuru wakimbizi wote waliokuwa wakiishi mjini waende kambini. Waliobaki walikuwa wachache wenye kibali, na kibali kilitolewa kwa mtu ambaye ofisi fulani ilithibitisha kwa barua kwamba inahitaji kazi yake. Mwanamke huyu alikuwa na mama yake mzazi, mkongwe aliyelala kitandani Buzebazeba kwa binamu yao aliyeolewa huku tangu zamani. Mkongwe yule asingeweza kupandishwa kwenye lori. Binti alikuwa akimgeuza, akimwosha, akimlisha uji kwa kijiko.

"Ukimsainia kwamba miche yake ni ya kweli, anakuwa muuzaji wetu," karani alisema. "Anapata barua, anabaki na mama yake. Ni hivyo tu, Bwana Shamba. Sikwambii udanganye. Nakwambia utazame vizuri."

Nilimwambia mimi hutazama vizuri siku zote.

Miche ilikuwa, kwa maneno yake, ya embe la kijani. Niliposikia hivyo nilisimama wima. Wenyeji wa Ujiji walikuwa bado wanalitaja embe hilo: dogo, bapa, halina uzi hata mmoja, na huiva likiwa kijani vilevile, kiasi kwamba mgeni hupita chini ya mti akidhani hakuna cha kula. Mti wa mwisho tuliousikia ulikuwa umekatwa kuchomea matofali. Katika orodha ya mradi embe hilo lilikuwa la kwanza, na mbele ya jina lake sikuwa nimewahi kuweka tiki.

"Umelipata wapi?"

"Kwetu, Nyanza-Lac. Tulikimbia msimu wa maembe. Tulikuwa na mfuko wa maembe na mama, basi. Tuliyala kwenye boti. Wenzetu walitupa makokwa ziwani, mimi nikayafunga kwenye kitenge."

Niliinua kiriba cha kwanza, nikatafuta kovu. Hapakuwa na kovu. Cha pili, cha tatu. Mashina yalikuwa laini kuanzia kwenye udongo hadi kwenye ncha, kama shingo za watoto.

"Umebebesha wapi?"

"Sikubebesha. Hili halibebeshwi."

Kwenye benchi walikuwa wamekaa wauzaji wawili ambao asubuhi ileile nilikuwa nimeipasua miche yao na kuikataa. Walitulia kusikiliza, wakafurahi kuona na mwingine anachinjwa.

"Kila embe hubebeshwa, mama," nilisema, kwa ile sauti ya upole ambayo wasomi huitumia wanapomdharau mtu.

"Oya, hapana. Hili kokwa moja hutoa watoto watatu, wanne. Mmoja huwa tofauti na wenzake, huyo tunamng'oa. Wale wanaofanana ni mama yao mwenyewe. Kwetu ndivyo tunavyofanya tangu bibi zetu."

"Mwembe unazaa mapacha?" aliuliza muuzaji mmoja.

"Labda na sungura wanazaa maembe," akajibu mwenzake.

Benchi lilicheka. Nilitabasamu nao. Hata hivyo nilikata jani changa, nikalifikicha, nikanusa. Nikachukua la mche wa pili, wa tano, wa tisa.

Hapa ndipo nisipopapenda. Miche ya kokwa ya kawaida haifanani. Ni kama watoto wa baba mmoja na mama tofauti, kila mmoja na harufu yake. Miche hii ilikuwa na harufu moja. Jani la kwanza na la tisa lilikuwa jani lilelile: kitu kama mchaichai, na utomvu mkali nyuma yake. Rangi ya majani machanga nayo ilikuwa moja, ya shaba. Nilisimama na jani puani na nikajua kwamba ninachokinusa hakiendani na ninachotaka kukisema. Pua yangu ilikuwa imeshasaini. Mdomo ndio uliokuwa bado.

"Daktari, mbona kimya?" aliniita yule muuzaji aliyetania sungura. "Mgonjwa amekata roho?"

Wote walinitazama, na mimi nilikuwa mtu wa kutazamwa.

"Hii ni miche ya kokwa tu, mama," nilisema. "Siwezi kuisainia."

Karani aliweka kalamu chini. Yule mwanamke hakulia wala hakubishana. Aliitazama miche yake, halafu akanitazama mimi, na akaniuliza kwa moyo mweupe, kama mtu anayemwuliza mganga:

"Wewe umesoma. Labda makokwa yalichanganyika kwenye boti? Wenzetu nao walikuwa na maembe. Kulikuwa giza, na watu walikuwa wanalia. Labda nilikosea mimi?"

Nikajibu: "Inawezekana."

Neno moja. Nimeandika maneno mengi tangu siku ile, mengine nimelipwa, na hakuna lililofanya kazi kubwa kuliko hilo.

Aliiacha miche palepale sakafuni. Hakuwa tena na sababu ya kuibeba. Akalichukua karai tupu, akaondoka. Niliagiza miche ikatupwe kwenye shimo la mboji. Karani alisema atashughulikia. Sikujua wakati ule kwamba minne aliifunga kwenye khanga yake na kwenda nayo nyumbani.

Ningeweza kuishia hapo na kuwaambia kwamba nilikuja kuutambua ukweli miaka mingi baadaye, mti ulipozaa. Ndivyo nilivyowasimulia watu kwa muda mrefu, na ni hadithi nzuri: kijana msomi, ujinga wa kweli, somo la maisha. Lakini si kweli. Nilijua Jumamosi ya wiki ileile.

Nilifungua sanduku langu la chuo, nikatoa daftari la kilimo cha matunda. Sikuhangaika kutafuta. Ukurasa ulikuwa na mstari mwekundu, na mwandiko ulikuwa wangu: yako maembe ambayo kokwa lake moja huchipua miche kadhaa, na miche hiyo, isipokuwa mmoja, hufanana na mama kwa kila kitu, haina haja ya kubebeshwa. Nilikumbuka hata kwamba lilikuwa swali la mtihani, na nililijibu sawasawa. Mwalimu aliandika pembeni: vizuri. Yule mwanamke alikuwa amenisomea daftari langu mwenyewe, neno kwa neno, mbele ya benchi zima, nami nikamcheka.

Cha kufanya kilikuwa wazi. Jumatatu asubuhi niende Buzebazeba, nimwombe radhi, niandike barua. Ukurasa mmoja tu.

Jumatatu nilikuwa na safari ya Mwamgongo. Ilikuwa imepangwa zamani, miche ilikuwa imeshapakiwa kwenye boti. Ningeweza kumwomba karani achukue barua kabla sijaondoka. Lakini barua ingebidi iseme kwamba nilikosea, na karani angeisoma, na benchi lingeijua kabla boti haijaiacha gati. Nikajiambia siku nne si nyingi. Nilikaa Mwamgongo siku nne nikiwaonyesha watu jinsi ya kuchimba shimo la mwembe, nikala migebuka ya kuchoma iliyotoka ziwani asubuhi, nikalala vizuri. Nikiwa mkweli, niliifurahia ile safari kama mtoto anayeumwa siku ya mtihani.

Niliporudi, lori lilikuwa limeshapita. Askari na watu wa ofisi ya wakimbizi waliingia Buzebazeba na mtaa wa jirani, wakawachukua wasio na vibali. Karani aliniambia hivyo bila kunitazama, akaendelea kuandika. Nikasema, "Aisee." Halafu nikaomba faili.

Kambini kulifikika. Barua zilifika kambini kila wiki. Kila mwezi ulipopita, kuandika kulizidi kuwa kugumu, kwa kuwa sasa ilibidi nieleze pia kwa nini sikuandika mwezi uliotangulia. Deni la namna hiyo halihitaji mdai, linajizalia lenyewe. Nikapandishwa cheo. Nikaoa. Niliacha kunusa majani, nikawaachia vijana.

Mwaka wa saba karani alikuja ofisini kwangu na kapu. Alikuwa anakaribia kustaafu. Hakubisha hodi. Aliliweka kapu juu ya makaratasi yangu: maembe madogo, bapa, ya kijani kibichi. Nilidhani hayajaiva hadi nilipolibonyeza moja, likabonyea.

"Kula," alisema. "Ni miche yako ya kokwa."

Nilikula. Sitasema lilikuwa na utamu gani. Lilikuwa lenyewe. Juisi ilinichuruzika hadi kwenye saa, na karani akasimama akinitazama kama anayemtazama mtoto akimeza dawa.

"Minne niliyopanda, yote imezaa sawa," alisema. "Hata mbuzi wangu hawezi kuitofautisha."

"Mama yake je? Yule mkongwe?"

"Ehe! Leo umeuliza." Alivuta kiti akakaa. "Alikufa mwaka uleule, msimu wa mvua. Yule binamu ana watoto saba na biashara ya mawese. Angemgeuza mtu kitandani saa ngapi? Alioza mgongo, Bwana Shamba. Walimwombea binti kibali cha kuja kuzika. Kikatoka siku ya nne baada ya mazishi, kwa hiyo hakikuwa na kazi tena."

"Mbona hukuniambia?"

"Ningekwambia ungefanya nini? Ungenusa?"

Nilikwenda kambini wiki iliyofuata, mwendo wa zaidi ya saa tatu kwa pikapu ya ofisi na dereva wake, barabara ya vumbi jekundu. Nilijidanganya kwamba nakwenda kumfurahisha: nilibeba kapu la maembe. Wakati huo watu walikuwa wakijiandikisha kurudi kwao Burundi, na nilimkuta nje ya nyumba yake ya udongo akikunja maturubai. Alikuwa amenenepa kidogo, na meno mawili ya mbele hayakuwepo. Alinijua kabla sijajitambulisha.

"Amahoro, Bwana Shamba. Na wewe umezeeka!"

Alilichukua embe, akaligeuza, akalikata kwa kisu, akalionja sehemu ya kwenye kikonyo, halafu sehemu ya chini. Alilitazama kokwa. Nilikaa kwenye kigoda nikisubiri, mimi ambaye watu walikuwa wakinisubiri.

"Ndilo," alisema. "Kwa hiyo hayakuchanganyika."

"Hayakuchanganyika."

"Mimi nilijua nimeyachanganya. Kila siku nilikuwa narudi kwenye ile boti kichwani. Najiuliza ni nani aliyekuwa kushoto kwangu, alikula lipi, alilitupa wapi. Nikisema, kama ningekaza akili siku ile, mama angekuwa na mtu wa kumgeuza."

Ningeweza kunyamaza. Nadhani hata yeye asingejua. Lakini nilikuwa nimenyamaza miaka saba, na nilikuwa naona kazi ambayo ukimya wangu ulikuwa umeifanya: ulikuwa umempandisha tena kwenye boti kila siku. Nikamwambia. Kwamba harufu ilikuwa moja. Kwamba nilijua palepale nusunusu, na Jumamosi nikajua yote. Nikamwambia kuhusu daftari, na Mwamgongo.

Alisikiliza huku akikunja turubai, kona kwa kona.

"Ulijua Jumamosi."

"Ndiyo."

"Sisi walitubeba Jumatano."

Alimaliza kukunja, akalikalia lile turubai.

"Mimi nakwenda nyumbani mwezi ujao," alisema baadaye. "Kaburi la mama yangu sijaliona. Nikivuka mpaka sitarudi tena. Sitaki uniombe radhi, Bwana Shamba; radhi nitaiweka wapi? Nipeleke Ujiji siku moja."

Afisa wa vibali pale kambini alikuwa mtu muungwana na mwenye kanuni zake. Alisema kwamba kwenda kuona kaburi la miaka saba hakumo kwenye sababu za kutoka kambini. Akaniuliza kama iko sababu nyingine. Nikaomba karatasi, nikaandika kwamba ofisi yangu inamhitaji mama huyu kwa siku moja kama mtaalamu, ahakiki aina adimu ya miembe iliyopandwa Buzebazeba, kwa kuwa hapakuwa na mtu mwingine mkoani mwenye ujuzi huo. Kila neno lilikuwa kweli. Ilinichukua dakika kumi.

Tuliondoka alfajiri siku ya pili yake. Njiani hakusema nami ila mara moja, kuuliza kama dirisha linafunguka. Buzebazeba tulimchukua yule binamu, mwanamke mnene mwenye haraka, ambaye alianza kueleza tangu mlangoni jinsi walivyohangaika na marehemu. Kwenye miembe hatukusimama.

Makaburi yalikuwa kwenye mteremko nyuma ya mji, nyasi zimefika magotini. Dereva alisimamisha gari. Niliufungua mlango, nikateremsha mguu mmoja.

"Wewe baki," aliniambia.

Nikaurudisha mguu ndani.

Niliwaona wakipanda, binamu mbele. Wakasimama. Binamu akaonyesha tuta moja, akazunguka, akaonyesha jingine lililokuwa hatua tano kutoka hapo. Misalaba ilikuwa ya mbao, na mchwa walikuwa wameimaliza zamani. Upepo ulituletea maneno yake.

"Ni hili. Au lile. Siku ile kulikuwa na mvua, tulizika haraka haraka... Lilikuwa karibu na mti, lakini mti wenyewe naona wameukata."

Yule mwanamke alikwenda kwenye tuta la kwanza, akasimama. Akaenda kwenye la pili. Aliinama, akachukua udongo mkononi, akautazama, akaurudisha. Alirudi kwenye la kwanza. Mwisho alipiga magoti katika ile nafasi ya hatua tano, akakiweka kitenge chake chini, akainamisha kichwa. Binamu alibaki amesimama, ameshika kiuno.

Dereva alitazama saa. Alisema kibali kinaisha saa kumi na mbili, na ile barabara ni mbaya.

Nilimwambia azime gari.